Mafuvu ya Kilimanjaro na saa iliyo ndani ya damu

Wadau, leo naomba tuzungumze habari za mafuvu. Najua si mada ya kunywea chai ya asubuhi, lakini nivumilieni kidogo, maana jambo lenyewe linatuhusu watu wa huku mlimani kuliko tunavyodhani.

Mwanzoni mwa Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho makubwa ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza imepata ndugu walio hai wa watu ambao mafuvu yao yalipelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Watafiti walibaini kwamba huyo alikuwa mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli wa Old Moshi, na vinasaba vyake vililingana kikamilifu na vya mwanamume anayeishi huku kwetu. Mafuvu mengine mawili ya Wachagga yalilingana karibu kikamilifu na watu wa familia zilizopo mpaka leo.

Habari ikazunguka. Wengine walifurahi, wengine walilia, wengine walifanya yote mawili. Mimi lile neno "karibu" ndilo lililonikaa kichwani. Karibu kikamilifu maana yake nini? Ni ndugu au si ndugu? Na nani ameamua kwamba tofauti ndogo inavumilika na tofauti kubwa haivumiliki? Nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili kwa muda sasa, na nimeona jibu lake ni historia nzuri inayostahili kusimuliwa. Mimi ni mwandishi wa habari, si mtu wa maabara, kwa hiyo nitasimulia kwa lugha ya kawaida.

Tuanze na mafuvu yenyewe yalivyofika huko.

Mangi Rindi wa Old Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alifariki mwaka 1891 na mwanawe Meli akashika nafasi yake akiwa kijana. Mwezi Juni 1892 watu wa Meli waliwapiga Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Wajerumani hawakusahau. Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa zaidi chini ya von Schele wakamshinda Meli. Miaka saba baadaye wakamtuhumu yeye na viongozi wengine kwamba wanapanga njama dhidi ya serikali. Tarehe 2 Machi 1900 Meli na wenzake 18 walinyongwa Old Moshi, mahali panapoitwa Tsudunyi. Miongoni mwao walikuwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Simulizi za Old Moshi zinasema kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ulaya.

Wakati huo Berlin kulikuwa na mtu mmoja, Felix von Luschan, aliyekuwa akikusanya mafuvu kutoka kila koloni ili apime "jamii za wanadamu". Maofisa wa kijeshi, madaktari na wasafiri walimtumia. Mwaka 2011 mkusanyiko huo ulikabidhiwa kwa hiyo taasisi ya makumbusho, na kuanzia 2017 watafiti wakaanza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi yalitoka Rwanda. Ya Tanzania yalikuwa takribani 200. Kati ya hayo, mafuvu 8 tu ndiyo yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kuweza kuanza kutafuta ndugu. Fikirieni: 8 kati ya 200!

Ndugu zetu hawakukaa kimya miaka yote hiyo. Mnyaka Sururu Mboro, mzaliwa wa Kilimanjaro anayeishi Berlin, alikwenda Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa na ahadi aliyompa bibi yake kwamba atakitafuta kichwa cha Mangi Meli. Ameitafuta ahadi hiyo maisha yake yote. Na mjukuu wa Meli mwenyewe alitoa sampuli ya vinasaba. Hata hivyo, katika tangazo lile la 2023 kichwa cha Meli hakikuwemo kati ya yaliyopata ndugu.

Sasa tuingie kwenye vinasaba.

Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua kwamba kuna sehemu za vinasaba zinazojirudiarudia, na kwamba idadi ya marudio inatofautiana kati ya mtu na mtu. Kazi yake ya kwanza nje ya maabara haikuwa ya kukamata mhalifu. Ilikuwa kesi ya uhamiaji mwaka 1985, ya mtoto wa familia yenye asili ya Ghana ambaye maofisa walikataa kuamini kwamba ni mtoto wa mama yake. Vipimo vikasema ni wake, akaruhusiwa kubaki. Mwafrika ndiye aliyefungua njia hiyo, ingawa hatumtaji mara nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakagundua marudio mafupi zaidi, ya herufi mbili mpaka sita hivi, ambayo yanaweza kusomeka hata kwenye mfupa wa zamani ulioharibika. Mwaka 1992 Jeffreys na wenzake walitumia marudio hayo kuthibitisha kwamba mifupa iliyofukuliwa Brazil ilikuwa ya Josef Mengele, yule daktari wa Wanazi. Mwaka 1994 yakatumika kwa familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi. Tangu hapo ndiyo chombo cha kazi cha polisi, mahakama na watu wanaotafuta baba wa mtoto duniani kote, pamoja na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali pale Dar es Salaam.

Yanafanyaje kazi? Mwambie mtoto wa darasa la pili aandike neno "ndizi" mara 13 kwenye mstari mmoja. Ataandika ndizi ndizi ndizi ndizi, na ukihesabu unaweza kukuta 13, au 12, au 14. Hakukosea neno, amepotea hesabu tu. Seli zetu nazo zinaponakili vinasaba hufanya hivyo hivyo. Palipo na GATA GATA GATA mara 13, nakala ya mtoto inaweza kutoka na 14. Hayo ndiyo mabadiliko tunayozungumzia. Kwa kawaida yanaongeza au kupunguza rudio moja, na yakishatokea yanarithiwa na vizazi vinavyofuata.

Kwa ukoo wa kiume kinachotumika sana ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu ilivyo. Meli aliipata kwa Rindi, Rindi kwa baba yake, na kadhalika. Ukilinganisha Y ya fuvu na Y ya kijana wa leo unalinganisha orodha mbili za hesabu: hapa 13 na 13, hapa 24 na 24, hapa 16 na 17... Alaa! Hapo pana tofauti moja. Je, ni kosa la kunakili kati ya mwaka 1900 na leo, au ni watu wawili wasiohusiana kwa karibu?

Hapo ndipo kasi inapokuwa kila kitu.

Wataalamu walipolinganisha baba na wana wao, waliona kwamba kwa alama za kawaida za kromosomu Y hutokea wastani wa mabadiliko mawili hadi matatu katika kila vizazi elfu moja, kwa kila alama. Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua orodha ya alama 17, ambayo maabara nyingi zimeitumia, na kasi ya 2.5 kwa elfu. Kila mtoto wa kiume anapozaliwa, kuna uwezekano wa asilimia 4 na kidogo kwamba alama mojawapo itateleza. Kati ya 1900 na 2023 ni vizazi vinne hivi. Kwa vizazi vinne uwezekano wa kuteleza angalau mara moja unafika asilimia 16. Yaani hata kama kijana ni kitukuu halali kabisa, karibu mara moja katika kila sita orodha yake haitalingana kikamilifu na ya fuvu. Na kama yeye ametokana na kaka wa marehemu, inabidi upande kwa baba yao kisha ushuke tena. Ni mazao sita au zaidi, na uwezekano wa tofauti unakaribia robo.

Kwa hiyo "karibu kikamilifu" si neno la kukwepa. Ni jambo la kutegemewa. Nilipoelewa hivyo roho ilitulia kwa upande mmoja.

Lakini geuza hesabu hiyo upande wa pili. Chukua wanaume wawili wa ukoo mmoja ambao babu yao wa pamoja aliishi vizazi vinane nyuma, miaka 240 hivi. Kati yao kuna mazao 16. Kwa kasi ile ile, uwezekano kwamba bado wanalingana kikamilifu katika alama zote 17 ni nusu kwa nusu! Na huku kwetu watu wa ukoo mmoja hawakutawanyika. Kihamba kinatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na jirani yako kwenye migomba ni mtoto wa baba mdogo, na wa ng'ambo ya mfereji ni mjukuu wa ndugu ya babu. Mipaka ya isale na kromosomu Y vimetembea pamoja kwa karne kadhaa. Kwa hiyo kulingana kikamilifu katika alama hizo, peke yake, kunakutajia ukoo. Mtu hakukutajii.

Ndiyo maana lile neno "Akida" lililoandikwa kwenye mfupa lina uzito sana, na simulizi za wazee zina uzito vilevile. Vinasaba vinaweza kuleta fuvu mpaka kwenye mlango wa ukoo. Kulifikisha kwenye kaburi lake kunahitaji mtu anayekumbuka nani alikuwa mshauri wa Mangi, nani hakurudi nyumbani siku ile ya Machi, na aliacha watoto gani.

Sasa swali gumu zaidi: hiyo kasi ya 2 au 3 kwa elfu imetoka wapi, na je, ni ile ile kwa wanadamu wote?

Utafiti mmoja mkubwa wa kromosomu Y, ulioongozwa na Kaye Ballantyne na Manfred Kayser na kuchapishwa mwaka 2010, ulipima alama 186 kwa jozi takribani 2,000 za baba na mwana. Jozi hizo zilitoka wapi? Ujerumani na Poland. Walikuta alama nyingine zinateleza mara nne tu katika vizazi elfu kumi, na nyingine mara saba katika kila vizazi mia moja. Mwaka 2012 watafiti wa Iceland walitoa hesabu kubwa zaidi kwa kromosomu nyingine, wakitumia watu zaidi ya 85,000 wa kisiwa chao. Waliona baba huleta mabadiliko mara 3.3 kuliko mama, na kwamba kasi ya baba huongezeka maradufu kati ya umri wa miaka 20 na 58. Umri wa mama haukuwa na athari.

Someni tena hiyo ya umri wa baba, kisha fikirini wamangi na matajiri wa zamani wa mlima huu, waliooa wake wengi na kuendelea kupata watoto wakiwa na mvi. Mtoto wa mzee wa miaka 58 amebeba makosa ya kunakili mara mbili ya mtoto wa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo kasi inaweza kutofautiana kati ya jamii na jamii bila kuwa na uhusiano wowote na "damu ya Kiafrika" au "damu ya Kizungu". Inatokana na wanaume wanazaa wakiwa na umri gani. Sababu ya pili ni urefu: yule mtoto wa darasa la pili ukimwambia aandike "ndizi" mara 5 hakosei, mwambie mara 25 uone. Jamii yenye nakala ndefu kwenye alama fulani itateleza zaidi kwenye alama hiyo. William Amos wa Cambridge na wenzake walikwenda mbali zaidi mwaka 2008 wakadai kwamba mtu akirithi nakala mbili zenye urefu tofauti, tofauti hiyo yenyewe huchochea mabadiliko. Hoja hiyo ina wabishi wake, na kwa kromosomu Y haigusi kwa sababu mwanamume ana nakala moja tu.

Kuna na jambo la tatu linalowagawa wanahistoria. Mwaka 2004 Lev Zhivotovsky na wenzake waliangalia jamii ambazo historia yake ya kuhama inajulikana, wakiwemo Wamaori wa New Zealand na Waroma wa Bulgaria. Badala ya kuhesabu baba na mwana, walihesabu tofauti zilizokusanyika tangu jamii zilipoanza. Wakapata 0.69 kwa elfu kwa kila miaka 25. Hiyo ni polepole mara tatu hivi kuliko ya baba na mwana! Sababu kubwa ni kwamba koo nyingi hukatika bila kuacha watoto wa kiume, na mabadiliko yao hufa nao.

Kwa msomaji wa Moshi maana yake ni hii. Mtu akichukua vinasaba vya ukoo mmoja wa Machame au Kilema na kusema babu wa ukoo aliishi miaka 250 iliyopita kwa saa ya haraka, kwa saa ya polepole babu huyo huyo aliishi miaka 750 iliyopita. Hiyo ya kwanza inakuweka vizazi vichache tu kabla Johannes Rebmann hajauona mlima mwaka 1848. Ya pili inakuweka mbali kabisa na wamangi tunaowajua kwa majina. Vinasaba ni vile vile, historia mbili tofauti. Kathleen Stahl aliyeandika historia ya Wachagga mwaka 1964 alitegemea wazee waliohesabu wamangi mmoja baada ya mwingine. Watu wengine huidharau njia hiyo. Mimi nikiona saa mbili za maabara zinapishana kwa miaka 500, nawaheshimu zaidi wale wazee.

Sisemi sayansi ni uongo. Kwa fuvu la mwaka 1900 saa ya baba na mwana ndiyo inayofaa, kwa sababu ni vizazi vichache na mstari unajulikana. Na sayansi haikutuacha nje kabisa. Mwaka 2008 ilichapishwa orodha ya jinsi alama 15 za aina hii zinavyopatikana kwa Watanzania, na mmoja wa waandishi alikuwa Thomas Nyambo wa Muhimbili. Orodha kama hiyo ni muhimu, kwani huwezi kusema kulingana ni jambo adimu kama hujui ni adimu kwa watu wa wapi. Mwaka 2009 Nyambo huyo huyo alikuwa na Sarah Tishkoff katika utafiti uliopima alama zaidi ya 1,300, nyingi zikiwa marudio haya mafupi, kwa jamii 121 za Afrika wakiwemo Wahadzabe, Wasandawe, Wairaqw na Wamaasai. Ulionyesha kwamba Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi kuliko bara lolote. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Vinasaba vya Binadamu. Sheria tunayo, maabara tunayo, wataalamu tunao.

Ninachokitaka ni kimoja. Kasi inayotumika kupima mifupa ya babu zetu imepimwa kwa kiasi kikubwa kwa baba na wana wa Ulaya. Von Luschan alipima vichwa vya Wachagga kwa rula yake, na leo wajukuu wao wanapimwa kwa saa iliyotengenezwa kwa wajukuu wa wale waliovikata. Sidhani kuna ubaya wa makusudi hapa. Huenda hata tukipima wenyewe tutapata kasi ile ile. Lakini tupime! Kila mara baba na mwana wanapopimwa kwa halali katika maabara zetu, na uzazi ukathibitishwa, pale kuna hesabu ya kasi inayoweza kukusanywa bila majina.

Kazi ya pili haihitaji maabara. Mafuvu mengi ya Tanzania yaliyo Berlin hayana neno kama "Akida" juu yake. Siku ukoo fulani utakapoambiwa kwamba fuvu fulani linalingana nao isipokuwa alama moja, swali litakuwa: ni nani, na mstari wake ni upi? Kukosea hapo ni kumzika mgeni kwenye kihamba cha mtu na kumwacha mwenye kihamba Berlin. Daftari la ukoo lenye majina, mtoto wa nani, alioa wapi, alizaliwa baba yake akiwa na umri gani, litasaidia kuliko msemaji yeyote wa serikali. Wazee wanaoweza kuhesabu kupita mwaka 1900 bila kusitasita wanapungua kila mwaka, na huwa tunajua tumewapoteza tukiwa tayari matangani.

Krismasi ikifika na nyie wa Dar, Arusha na Nairobi mkapanda mlima kama kawaida yenu, kabla mbege haijakolea mkalisheni mzee chini mmuulize. Andikeni kila jina, hata yale ambayo mnadhani hayana maana. Na kama kwenye ukoo wenu kuna jina la mtu aliyechukuliwa na Wajerumani akaishia hapo, liandikeni juu kabisa.